Kichanja kwa Anayeanika

Rusimbi, Ujiji
20 Februari

Mdogo wangu Swaibu,

Assalaam alaykum. Wifi hajambo? Watoto hawajambo? Na kifua chako, kile kinachokusumbua kila vumbi la Dodoma likianza? Mimi mwili hauna neno. Mengine unayajua, maana ulikuwapo tulipomzika shemeji yako Zubery, ingawa ulikuwapo kwa saa tatu tu na gari lako likiunguruma nje muda wote. Jirani mmoja alidhani tumekodi jenereta.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu namba yako ya zamani haipatikani, na hiyo mpya anapokea mwanamke mwenye sauti laini anayeniuliza kama nina miadi. Niwe na miadi na mtu niliyekuwa nikimfuta kamasi kwa upindo wa kanga. Barua hii anakuja nayo Melania wa sokoni, anasafiri na treni, na nimemwambia asimpe mtu mwingine.

Uzio wa yule tajiri pale Katonga mliung'oa, hilo sikatai. Miaka mitatu tulizuiwa kuanika dagaa kwenye ufukwe wa mama zetu, na wiki ya pili tu baada ya Rais Elikana kuapishwa, nguzo zikang'olewa. Siku ile nilipiga vigelegele mpaka koo likawasha. Nilikuwa nimempigia kura kwa sababu mdogo wangu ndiye anayemwandikia hotuba, lakini siku ile nilijiambia kumbe nimepigia kura kitu. Mtu aliyekuwa fundi wa reli anajua kazi ni nini.

Sasa nakueleza kinachonitia kichefuchefu. Unamkumbuka Oswald, msimamizi wa yule tajiri, aliyekuwa anatufukuza ufukweni kwa filimbi? Ndiye mwenyekiti wa kamati yenu mpya ya Chama cha Wavujajasho hapa mwaloni. Amevaa fulana nyekundu, anatuita "ndugu," na mikutano anaitisha kwa filimbi ile ile. Anasema kutakuwa na uhakiki wa vichanja. Ukimuuliza uhakiki wa nini, anasema tusubiri maelekezo kutoka juu. Juu si ndiko uliko wewe? Basi nieleze.

Nauliza kwa sababu mimi nimekaa eda tangu tarehe mbili, na nitakaa mpaka miezi minne na siku kumi itimie, katikati ya Juni hivi. Kichanja changu amenishikia Anésie Ndayikunda. Nakukumbusha desturi yetu, maana naona huko mliko watu husahau. Mwanamke akiwa na eda, au akiwa kwenye arobaini ya uzazi, au akiwa kitandani hospitali, mwenzake humshikia kichanja. Anaanika, anageuza, anauza, na kinachopatikana wanagawana nusu kwa nusu. Mwenyewe akitoka, anarudi mahali pake, na hakuna aliyewahi kugombana. Anésie ni yule mtoto wa Kirundi ambaye mama yake alivuka ziwa akiwa na mimba yake. Amezaliwa huku na amekulia huku, na mikono yake ni mizuri kwa dagaa kuliko yangu.

Msalimie wifi. Mwambie ile kanga aliyoniletea msibani nimeiweka, nitaivaa nikitoka.

Dada yako,
Zuleha


Dodoma
9 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Wa alaykum salaam. Sisi sote wazima, kifua kimetulia, watoto wanakusalimu na wanauliza dagaa. Pole tena kwa msiba. Nisamehe kwa ile safari ya haraka, siku ile ile jioni tulikuwa na kikao cha bajeti.

Dada, nimefurahi umeuliza kuhusu uhakiki, kwa sababu kanuni ile nimeiandika mimi. Kwa mkono wangu. Tulizunguka miezi miwili pwani nzima ya ziwa, na tuliyoyaona yalinichefua. Ilagala tulimkuta bwana mmoja ana vichanja arobaini na hajui dagaa mbichi ananukaje. Amekaa mjini, wanawake wanaanika juani kutwa, jioni anakuja kuchukua nusu. Nusu, dada, kwa kukaa tu. Kupe wa namna hii wako kila mwalo.

Kwa hiyo tumeweka kanuni ya maneno matatu: kichanja kwa anayeanika. Siku ya uhakiki, atakayekutwa nyuma ya kichanja chake na kitambulisho chake, kinakuwa chake kwa hati, na hakuna tajiri atakayerudi na nguzo na seng'enge. Kichanja ambacho mwenyewe hayupo kinarudi kwa ushirika. Na mgawo wa nusu kwa nusu tumeutaja kwenye kanuni kuwa dalili ya unyonyaji. Rais alipoisoma aligonga meza, akasema hii ndiyo sababu aliacha spana akaingia kwenye siasa.

Oswald najua si malaika. Lakini tulipochukua nchi hatukuchukua na watu wapya. Tunafanya kazi na waliopo.

Wewe usiwe na wasiwasi wowote. Umeanika pale miaka ishirini na sita. Kama kuna mwanamke mmoja kanuni hii iliandikwa kwa ajili yake, ni wewe.

Mdogo wako,
Swaibu


Rusimbi, Ujiji
19 Aprili

Swaibu,

Assalaam alaykum. Natumaini mu wazima. Mimi nimeamka kichwa kinaniuma, lakini hicho si kitu.

Uhakiki ulitangazwa Jumatatu jioni, ukafanyika Jumanne asubuhi. Filimbi ikapulizwa, kila mtu asimame nyuma ya kichanja chake. Sheikh angeniruhusu kutoka mchana kwa dharura, hilo nalijua. Ila sikuona dharura. Tangu nizaliwe sijasikia mfiwa akiambiwa aende akathibitishe mahali pake. Nikamwita Anésie, nikampa kitambulisho changu cha taifa, nikamwambia, "Kaonyeshe hiki, waambie unanishikia." Akakifunga kwenye pindo la kitenge chake. Akakubali, "Ego, mama," akaenda.

Nilimtuma mimi. Uyasome haya ukijua hivyo.

Kuruthumu, wa kichanja cha jirani, alikuwa hatua tatu kutoka pale na amenieleza neno kwa neno. Afisa alikuja na daftari, Oswald nyuma yake.

"Wewe ndiye Zuleha Abdulatif?"

"Oya, si mimi. Mama ako ndani, amefiwa na bwana yake. Mimi namushikia tu."

"Unamshikia. Na mauzo?"

"Tunagawa. Yeye nusu, mimi nusu."

Kuruthumu anasema afisa alitabasamu. Alikuwa amefundishwa neno hilo, nusu, na sasa amelipata. Akamuuliza Anésie karatasi zake. Akasema hana, amezaliwa hapa hapa. Akamuuliza kwa nini anatembea na kitambulisho cha mtu mwingine. Oswald akamaliza kwa sauti ili wote wasikie: "Huyu ni Mrundi, na huyo mama yake ni kabaila."

Kabaila ni mimi, Swaibu. Mimi ambaye siku ya harusi yangu walinisugua kucha kwa limau na magamba ya dagaa hayakutoka. Kwenye daftari wameandika: mmiliki asiyeanika, anatumia nguvukazi ya kigeni. Hayo si maneno ya Oswald, Oswald hajui kuyaandika. Nimeyatambua ni ya nani. Nimekusikia ukiyasema redioni.

Anésie walimpakia kwenye pikapu akiwa na magamba mikononi, hata kunawa hawakumpa nafasi. Yupo kizuizini, wanasema atapelekwa kambini, na kutoka kambini atavushwa. Avushwe kwenda wapi? Burundi hajawahi kukanyaga. Kosa lake ni kitambulisho changu.

Vichanja vilivyochukuliwa siku ile ni tisa. Changu, cha Hadija ambaye ana mtoto wa siku kumi na mbili, cha Frida ambaye amelazwa na kifua kikuu, na vingine sita vya namna hiyo hiyo, vya wanawake waliokuwa wanashikiwa. Yule bwana wa Ilagala mwenye arobaini unataka kujua? Melania ametoka huko. Aliwapanga wapwa na wajukuu zake nyuma ya vichanja, kila mmoja na kitambulisho chake, na leo ana hati arobaini. Kanuni yako imemkosa kupe ikanipata mimi. Na vile tisa vya kwetu vimerudi kwa ushirika, na ushirika umempa mke wa Oswald na shemeji zake. Ndugu wavujajasho.

Nilikuandikia habari ya kushikiwa. Ilikuwa ukurasa wa pili. Ulisoma?

Mama yake Anésie, mzee Ntakarutimana, anakuja hapa kila siku asubuhi. Anapita njia za mashambani, anakaa kwenye mkeka wangu, haniombi chochote, hanilaumu chochote. Anakaa mpaka adhuhuri, anaondoka. Afadhali angenitukana.

Nakuomba jambo moja, na si kichanja. Anésie atolewe. Unafanya kazi mlango wa pili kutoka kwa Rais. Sijawahi kukuomba kitu tangu uende huko.

Dada yako,
Zuleha


Dodoma
2 Mei

Dada,

Shikamoo. Nyumbani wazima. Sijui nianzie wapi.

Sikusoma ukurasa wa pili. Nilisoma wa kwanza nikiwa ndani ya gari, nikaona umeuliza habari ya uhakiki, nikafurahi, nikakujibu. Nimeitafuta barua yako juzi nikaikuta kwenye jalada, nikausoma. Eda ya mama yetu naikumbuka. Namkumbuka Mama Mwamini akimshikia kichanja, akileta nusu yetu kwenye bakuli la bati. Tulikula ile nusu. Kisha nimekaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi nikaandika kwamba nusu ni unyonyaji. Najichukia kwa hilo, sina namna nyingine ya kulisema.

Lakini naomba unisikilize, kwa sababu nataka ujue mambo yalivyo huku na si kama yanavyosikika redioni. Tuliingia na orodha ya mambo kumi na saba. Yamebaki manne. Watu wanadhani rais wa wavujajasho akikaa kwenye kile kiti anashika usukani. Hakuna usukani, dada. Kuna kiti, na kalamu. Kwa kalamu anaweza kuteua, kufukuza, kukataza, na kusaini. Anaweza kumwondoa mkuu wa mkoa kwa sentensi moja, lakini hawezi kumfanya karani wa kata afike kazini saa mbili. Reli alitaka kuirudisha yote mikononi mwa umma, waliotukopesha wakaleta mkataba wa zamani wenye kurasa mia nne, sasa tunajadili mabehewa. Nusu ya wabunge wetu wenyewe wana maboti na nyavu. Wanapiga makofi akihutubia, kisha wanakwamisha muswada kwenye kamati. Nimewaona wakiimba wimbo wa chama huku wakiangalia saa zao.

Na habari ya wageni ndiyo fimbo wanayoisubiri. Kila wiki kuna mbunge anasimama kusema Rais Elikana amefungua mpaka, amewapa wakimbizi ardhi ya wazawa. Nikipiga simu kumtoa Mrundi mmoja kizuizini, kesho itakuwa gazetini. Rais ana vita tatu, siwezi kumwongezea ya nne kwa ajili ya mtu mmoja. Nimeiandika sentensi hiyo na naiona ilivyo mbaya. Bado ni kweli.

Nilichoweza nimefanya. Nimempigia mtu mmoja huko Kigoma. Kichanja chako utarudishiwa wiki hii.

Mdogo wako,
Swaibu


Rusimbi, Ujiji
16 Mei

Swaibu,

Assalaam alaykum. Nashukuru kwa kusema kweli kuhusu ukurasa wa pili. Ungenidanganya ningejua.

Mtu wako alikuja. Alikuja na gari, na Oswald akiwa kiti cha nyuma. Afisa yule yule wa daftari alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Shikamoo mama, tusamehe sana, hatukujua kama wewe ni dada wa Mheshimiwa." Oswald akaongeza kwamba kumetokea hitilafu ya kitakwimu. Wakanipa hati yenye muhuri, jina langu limeandikwa vizuri. Wakaniuliza kama nina shida nyingine yoyote. Mzee Ntakarutimana alikuwa amekaa pale pale pembeni yangu, na hawakumwona.

Nikawauliza: na Hadija? Na Frida? Afisa akasema hao maelekezo yao hayajafika.

Unajua kitu kilichonichefua kuliko vyote? Kwa dakika moja nilifurahi. Niliishika ile hati, nikaiangalia, nikahisi mwili mwepesi. Kisha nikasikia mlango wa Kuruthumu unafungwa. Gari lilikuwa limesimama mbele ya nyumba yake, ameona kila kitu. Siku mbili zilizofuata hakuja kunijulia hali, na tangu nikae eda hakuwahi kukosa siku.

Zamani za yule tajiri mambo yalikwenda hivi hivi. Ukiwa na ndugu ofisini, uzio unafunguliwa. Ukiwa huna, unapulizwa filimbi. Tulichagua fulana nyekundu ili hicho kiishe. Leo kimekuja kwenye mkeka wangu kimevua viatu. Kama hili ndilo jambo ambalo serikali yenu inaweza kulifanya kwa haraka, basi mngeturudishia tu yule wa zamani, angalau hakuwa akituita ndugu.

Hati yako hii hapa, ndani ya bahasha. Irudishe kwa aliyekupa. Nitachukua kichanja siku wote tisa watakapochukua, na kwa sababu moja inayotuhusu wote. Unasema hakuna usukani, kuna kalamu tu. Basi andikeni. Mtu aliyeandika kosa la maneno matatu hashindwi kuandika sahihisho.

Na Anésie. Wamempeleka kambini wiki iliyopita. Sikuulizi tena kama inawezekana. Nakwambia tu bado yupo upande huu, kwa hiyo muda upo.

Dada yako,
Zuleha


Dodoma
11 Juni

Dada,

Shikamoo. Leo au kesho unatoka eda kama nimehesabu sawa. Mungu akutoe salama. Wifi yako anasema uivae ile kanga.

Nilipeleka barua zako zote tatu kwa Rais, pamoja na hati. Nilimkuta anakula mchana, ugali na maharage kwenye sahani ya plastiki. Hilo hajabadilika, watu wanadhani ni maigizo na si maigizo. Alizisoma zote, kurasa zote, jambo ambalo mimi sikulifanya. Kwenye maneno ya filimbi alicheka. Kwenye maneno ya gari na mkeka hakucheka, alisukuma sahani. Kisha akaniuliza, "Hapa mimi naweza nini?" Si kwa kulalamika. Aliuliza kama fundi anayeuliza ana spana ngapi kwenye sanduku.

Tukaandika palepale. Aya ya saba ya kanuni sasa inasema hivi: mwanamke aliye katika eda, uzazi au ugonjwa atahesabiwa yupo kwenye kichanja chake, iwapo waanikaji watatu wa mwalo huo watathibitisha kwamba anashikiwa, na mgawo baina yake na anayemshikia si unyonyaji. Imesainiwa jana. Ni kwa pwani nzima ya ziwa, si Katonga peke yake. Hati arobaini za yule bwana wa Ilagala zimefutwa, maana kule hawakupatikana hata waanikaji watatu wa kuthibitisha kwamba wale wapwa na wajukuu huanika. Oswald ameondolewa, kamati itachaguliwa upya na wanawake wenyewe. Ninyi tisa mnarudi.

Dada, naomba uipime aya hiyo vizuri kabla ya kuidharau. Kutoka kwenye mambo kumi na saba, hii ni moja ya chache zitakazokuwepo hata sisi tukiondoka. Mwanamke ambaye hajazaliwa atakaa eda yake bila hofu kwa sababu yako.

Habari ya Anésie niliisema mimi, kwa mdomo wangu, sikusubiri aulize. Akaniambia: "Swaibu, nikimgusa huyu, kuanzia wiki ijayo sitajadili tena ardhi wala reli wala zahanati. Nitajadili Warundi mpaka uchaguzi. Hili liache." Nikamuuliza liache mpaka lini. Akasema baada ya uchaguzi. Ni miaka miwili na miezi minne. Nilitaka kumwambia kitu, nikaona sahani yake imepoa na nje wanamsubiri watu kumi na mmoja, nikatoka.

Mdogo wako,
Swaibu


Rusimbi, Ujiji
25 Juni

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Nimetoka eda salama, kanga nimeivaa, mwambie wifi rangi imenikubali. Mimi mzima. Wewe sasa uangalie usingizi wako.

Nimeipima aya yako. Niliisoma kwa sauti ufukweni, wanawake wamesimama na beseni zao. Hadija alikuwa na mtoto mgongoni. Frida ametoka hospitali, amekonda, lakini ndiye waliyemchagua mwenyekiti, na filimbi amesema hataki hata kuiona. Nilipofika pale pa waanikaji watatu watathibitisha, walipiga vigelegele, nami nikapiga. Kuruthumu alikuja akasimama karibu yangu, tukaanza kugeuza dagaa. Ni jambo kubwa, Swaibu. Nalisema ili usidhani mimi ni mtu wa kulaumu tu. Rais wako ametufanyia kitu ambacho hakuna aliyewahi kutufanyia, na amekifanya kwa mchana mmoja.

Kisha mmoja akauliza, "Na Anésie ameandikwa wapi?" Nikaangalia karatasi tena kana kwamba jina lake linaweza kuwa upande wa nyuma.

Siku ya tatu baada ya kutoka eda nilikwenda kambini pamoja na mzee Ntakarutimana. Karani alifunua daftari, akapitisha kidole, akasema wamemvusha tarehe tisa. Umeniambia aya ilisainiwa tarehe kumi. Sikupiga kelele. Nilitoka nje, nikashika ukuta. Yule mzee akanifuata, akanishika mkono, akaniambia, "Mpore, mama." Yeye ndiye aliyenipa pole mimi. Nitaishi na hilo.

Hatujui yupo wapi. Kijiji cha mama yake kilikwisha zamani, hakuna anayemjua huko. Simu hana. Kiswahili chake ni cha Ujiji.

Kinachonichefua si kwamba Rais hakuweza. Nimekuelewa, kuna vitu havimo kwenye sanduku. Kinachonichefua ni kwamba alijua ni vibaya, nawe ulijua, na mimi niliyemtuma nilijua, na sote watatu tumekwenda kula. Mtu mmoja ameliwa ili wengine tupate, na hata jina lake halikutajwa mezani ila mara moja. Mabepari wenu mnaowaimbia hufanya hivyo hivyo, na wao angalau hawajifuti machozi.

Sasa sikiliza. Frida ameletewa taarifa kwamba Rais anakuja Katonga tarehe kumi Julai kuzindua ushirika, na kwamba mwanamke mmoja atasema mbele yake. Wamenichagua mimi. Nimekubali. Nitamshukuru kwa uzio, kwa aya ya saba, kwa Oswald na kwa Ilagala, moja moja, na shukrani itakuwa ya kweli. Halafu nitasema hivi: kuna mtu anaitwa Anésie Ndayikunda, amezaliwa mkoa huu, nilimtuma mimi na kitambulisho changu, na kanuni yenu imemtoa nchini. Tunaomba arudi. Basi. Sitamtukana wala sitalia. Wanawake wote watasimama ili aone si neno langu peke yangu. Ulisema akilisema yeye kwanza atapigwa fimbo. Sawa, basi asiseme yeye. Tuseme sisi, wazawa wenyewe ambao wabunge wanadai wanatutetea. Labda hiyo ndiyo spana aliyokosa.

Nakwambia mapema ili isikushtue. Na kwa sababu nataka uwe umesimama pale, karibu naye, nikilisema.

Dada yako,
Zuleha


Dodoma
4 Julai

Dada,

Ratiba ya Katonga imepita mezani kwangu leo asubuhi ili niisahihishe. Jina lako lilikuwa la tatu, kabla ya Rais. Nimelifuta. Atasema Frida, na hotuba yake tumeshaiandika.

Hakuna aliyeniagiza. Rais hajui kama ulikuwa useme, na barua yako sikumwonyesha mtu. Nilikuwa peke yangu ofisini, mlango uko wazi, na nilipokuja kufikiri nilikuwa nimeshalifuta.

Utapewa kiti cha mbele.

Swaibu